Kilo za Mgonjwa wa Moyo

Leo tuzungumze juu ya kilo. Sina maana ya kilo za mtu mzima wa afya anayetaka nguo yake ya harusi imkae vizuri. Nawazungumzia watu ambao tayari wanaumwa moyo: aliyeambiwa moyo umetanuka, aliyebanwa na kifua usiku akakimbizwa hospitali, anayemeza vidonge vya presha na vya kukojosha na ana kadi ya kliniki kwenye mkoba.

Mtu huyo akipita mtaani, iwe Tandika au Mwananyamala, watu humsoma mwili kabla ya kumjulia hali. Akiwa amejaa, ataambiwa hongera, umenawiri, dawa zimekukubali. Akiwa amepungua, maneno yatanong'onwa akishapita. Na siku hizi limezuka kundi la pili linalomwambia kinyume chake: punguza mwili haraka, kata ugali kabisa, kunywa chai hii ya kupunguza tumbo na moyo utapona. Kundi la kwanza linasifu kilo bila kujua ni za nini, na la pili linazifukuza bila kujua ni za nini. Mgonjwa amesimama katikati, na makundi yote mawili yanaweza kumdhuru huku yakimpenda.

Tuanze na mji wetu wenyewe, Dar es Salaam. Mwaka 2011 Grace Shayo na Ferdinand Mugusi, madaktari wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya katika wilaya ya Kinondoni, kabla Ubungo haijawa manispaa ya peke yake. Walipima watu wazima 1,249. Katika kila wanawake 100, karibu 25 walikuwa na unene uliokithiri, na katika kila wanaume 100 walikuwa 9. Unene uliokithiri hapa ni wa kupimwa kwa uwiano wa kilo na urefu, si wa kutazamwa kwa jicho. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 anahesabiwa uzito wake umezidi akivuka kilo 64, na akifika kilo 77 ameshaingia kwenye unene uliokithiri. Wanawake wengi wanaonisikiliza sasa hivi wana kilo 77 na hakuna mtu aliyewahi kuwaita wanene. Kwetu huyo ni mama mwenye mwili wake.

Mwili huo hauji kwa ulafi, kama baadhi yetu tunavyopenda kuwasema wenzetu. Kuna utafiti mwingine naupenda sana kwa sababu unatuhusu sisi tuliokuja mjini na begi moja. Watafiti waliwafuata watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka na wakawapima tena baada ya mwaka mmoja wa kukaa mjini. Kule kijijini, wanaume waliokuwa wakifanya kazi za kutoa jasho walikuwa karibu 79 katika kila 100. Baada ya mwaka mmoja Dar es Salaam walibaki 26 hivi. Wanawake walishuka kutoka karibu 38 hadi chini ya 16. Na uzito? Wanaume kwa wanawake, waliongezeka kilo 2 na ushei. Mwaka mmoja tu. Jembe limebaki Morogoro, na huku mtu anakaa kwenye genge au kwenye kibanda cha miamala ya simu kuanzia asubuhi mpaka usiku, anakula chipsi mayai kwa sababu ndizo zilizo karibu, na safari yote ni daladala au bodaboda.

Kilo hizo zinaleta presha, zinaleta sukari, na presha isiyotibiwa inauchosha moyo. Profesa Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi waliofika Muhimbili, na matokeo yao yakatoka 2014. Karibu nusu ya wagonjwa hao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55. Ulaya ugonjwa huu ni wa watu wa miaka 70 na zaidi, watu waliokwisha kustaafu. Kwetu unamkuta baba ambaye bado analipa ada na mama ambaye bado anaamka saa 10 usiku kukanda unga. Kwa hiyo asitokee mtu akasema redioni leo tumeambiwa unene hauna neno. Unene una neno, na kwa ambaye bado hajaugua, kupunguza kitambi ni katika mambo bora anayoweza kuufanyia moyo wake. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kwa miaka ya mwanzo tangu ilipoanzishwa 2015, amelisema hili kila mahali mpaka watoto wanaliimba, na amelisema kwa haki.

Lakini ushauri wa aliye mzima ukimfikia mgonjwa bila kufafanuliwa, hapo ndipo mambo yanapogeuka. Sikilizeni vizuri.

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 40, zenye wagonjwa zaidi ya 250,000 wa mishipa ya moyo kuziba, waliofuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 4. Madaktari walitarajia kuona wembamba wakiishi zaidi. Haikuwa hivyo. Waliokufa kwa wingi zaidi walikuwa wembamba sana. Waliozidi uzito kidogo, wale wa kilo 64 mpaka 76 katika mfano wetu wa mwanamke wa mita 1.60, waliishi zaidi hata kuliko wenye uzito wa kawaida. Ni wale wanene kupita kiasi, wenye kilo 90 na kwenda juu kwa urefu huohuo, ambao vifo vyao vya moyo vilipanda tena. Kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi mambo yakaonekana hivyohivyo.

Habari hiyo ilipotoka kuna watu walishangilia, wakasema kumbe mafuta ni kinga. Mimi sikubaliani nao, na sababu si ngumu. Mizani inapima kila kitu kwa pamoja: mafuta, nyama, mifupa na maji. Mgonjwa aliyepimwa siku ya utafiti akaonekana mwembamba, je, alizaliwa mwembamba au ugonjwa ndio uliomwondolea nyama? Wapo wengi wa aina ya pili. Moyo ukishindwa kusukuma damu sawasawa, hamu ya kula hupotea, ini na utumbo hujaa damu na chakula hakisagiki vizuri, na mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Mwaka 1997 daktari Stefan Anker na wenzake wa London waliwafuatilia wagonjwa 171 wa moyo. Wale waliokuwa wamedhoofika kwa namna hiyo, nusu yao walikuwa wamefariki baada ya miezi 18. Nusu, msikilizaji. Kwa hiyo wembamba ule haukuwaua. Ulikuwa ni alama ya moyo unaozidiwa, na alama hiyo ilikuwa ikionekana kwenye mizani miezi mingi kabla.

Na yule mnene aliyeonekana kuishi zaidi naye ana siri yake. Mwaka 2023 watafiti walioshirikiana na John McMurray wa Glasgow walirudi kwenye takwimu za wagonjwa zaidi ya 8,000 wa moyo kushindwa kufanya kazi. Waliacha kilo, wakatazama kiuno cha mtu kikilinganishwa na urefu wake. Ile faida ya unene ikayeyuka. Wenye viuno vipana ndio waliolazwa zaidi. Maana yake mafuta ya tumboni hayakuwa rafiki wa mtu hata siku moja. Huenda kilichokuwa kinawalinda baadhi ya watu ni nyama na nguvu zilizojificha ndani ya kilo zilezile.

Sasa mgonjwa afanye nini? Jibu ninaloliamini kuliko yote limetoka mbali, Norwe, katika jimbo ambalo watu wake walipimwa kuanzia miaka ya 1980 na wakapimwa tena mara mbili katika miaka 20 iliyofuata. Trine Moholdt na wenzake waliwachagua wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, watu 3,307, wakawafuatilia mpaka mwisho wa 2014. Karibu nusu yao, 1,493, walikuwa wamekufa. Waliopungua uzito walikufa zaidi, si pungufu. Lakini walioendelea kuutumikisha mwili miaka yote hiyo ndio walioishi. Hata waliofanya mazoezi machache, chini ya kiwango kinachoshauriwa, hatari yao ya kufa ilikuwa ndogo kwa asilimia 19 kuliko waliokaa tu. Waliotimiza kiwango, yaani dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi ya namna hiyo, hatari yao ilikuwa ndogo kwa asilimia 36. Ndiyo, huenda baadhi ya waliokaa tu walikaa kwa sababu tayari walikuwa hoi, na waliopungua walipungua kwa kuugua. Hilo nalikubali. Hata hivyo, miaka karibu 16 ya kufuatilia watu si jambo la kupuuza, na dakika 150 kwa wiki ni nusu saa tu kwa siku 5.

Ngoja niwaambie jambo nililoliona karibu na nyumbani, Mtoni kwa Aziz Ali. Mama mmoja muuza maandazi, mgonjwa wa moyo wa siku nyingi, alianza kuongezeka. Mtaa ukafurahi. Wateja wakamwambia mama, mwili umerudi, na yeye mwenyewe akaamini. Kanga ikawa haifungiki vizuri kiunoni. Malapa yakaanza kumwachia mistari juu ya mguu. Usiku akawa analala kwa mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Siku moja mpwa wake, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi, alimketisha barazani, akamkandamiza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, akahesabu moja mpaka kumi, akatoa kidole. Pakabaki shimo. Shimo lenyewe lilikaa pale, wote tukalitazama, halikujaa upesi. Msichana akasema, "Shangazi, huu si unene. Haya ni maji."

Walimpeleka hospitali jioni ileile. Akapewa dawa za kukojosha, akaambiwa aache chumvi ya mezani, na kilo zikaondoka kwa mkojo siku baada ya siku. Aliporudi alikuwa analala kwa mto mmoja, anapanda ngazi, anacheka. Lakini mtaa uliomsifu alipokuwa anazama sasa ukaanza kumsikitikia. Kaisha, wakasema. Yule kaisha. Wapo waliokwenda mbali zaidi, maana mji huu uliwazika watu wengi wa ukimwi katika miaka ya 1980 na 1990, na tangu wakati huo mtu akikonda tunakuwa tumeshamwandikia cheti. Mama yule akataka kuacha dawa za kukojosha ili mwili umrudie. Ilibidi mpwa wake akae naye siku mbili akimwelewesha.

Ndiyo maana nasema mizani lazima iwe mkononi mwa mgonjwa, isiwe machoni mwa majirani. Mwenye moyo ulioshindwa ajipime kila asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya kunywa chai, nguo zilezile nyepesi, mizani ileile, aandike kwenye daftari. Mizani ya nyumbani inatosha. Familia zinazokaa nyumba moja ya kupanga zinaweza kuchangia moja. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo si maandazi, ni maji, na ni safari ya hospitali. Uzito ukishuka polepole bila wewe kukusudia, yaani mtu wa kilo 80 akajikuta na 75 ndani ya nusu mwaka, nayo ni safari ya hospitali, hata kama watu wanakusifu umependeza.

Tumbo nalo tunaweza kulipima bila kununua kitu. Chukua kamba, simama wima, mtu akupime nayo kuanzia kisigino mpaka utosi, kisha ikunje katikati. Izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi, hata kama kilo zako zinaonekana za kawaida. Fanyeni hivyo leo usiku nyumbani, baba na mama na vijana wakubwa.

Nirudi kwa wale wauza chai na vidonge vya kupunguza mwili, wanaojaza simu zetu picha za kabla na baada. Kwao nina ukali, na sitaupunguza. Kuna dawa iliyoitwa sibutramini, ilisifiwa sana duniani kwa kupunguza uzito. Ilipojaribiwa kwa watu karibu 10,000, wengi wao wakiwa tayari na maradhi ya moyo, ilionekana kuongeza shambulio la moyo na kiharusi, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Mpaka leo wakaguzi wa nchi mbalimbali wanaendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai vinavyouzwa kwa jina la mitishamba. Chai nyingine zina dawa za kuharisha, zinakausha maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo mgonjwa hupoteza mpangilio wa mapigo yake. Mgonjwa anayemeza tayari dawa ya kukojosha akiongezea na chai hiyo, anacheza na kifo. Dawa isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa nchini, isiingie kinywani mwa mgonjwa wa moyo, nakuombeni.

Zipo dawa halali za kupunguza uzito zilizojaribiwa kwa uangalifu. Mwaka 2023 semaglutaidi, sindano ya mara moja kwa wiki, ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20 kwa wagonjwa wa moyo na mishipa waliozidi uzito na wasio na sukari. Jaribio hilo lilikuwa na watu 17,604. Kwa hiyo mgonjwa mnene sana anaweza kupunguzwa, na atafaidika, lakini kwa mpango, chini ya daktari, huku nyama yake ikilindwa. Bei ya sindano hiyo, kwa mtu wa Mbagala, bado ni hadithi ya watu wengine.

Kilicho cha Mbagala ni sahani na miguu. Mgonjwa asinyimwe chakula kwa jina la kupunguza mwili. Apunguziwe rundo la ugali wa sembe, soda na mafuta ya kukaangia, lakini maharage, samaki, mayai na mboga abaki navyo, kwa sababu ndivyo vinavyojenga misuli. Dagaa wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke, mwaga maji, waloweke tena. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti, isizidi kijiko kidogo kimoja.

Na miguu itembee. Hapa ninao ugomvi na manispaa zetu, na nautangaza hadharani. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Vikundi vya jogging vya Temeke na Kinondoni mnaviona alfajiri, tisheti za rangi moja na nyimbo. Ni jambo zuri mno. Lakini mama wa miaka 60 mwenye moyo uliotanuka hakimbii na vijana. Anataka njia ya kutembea nusu saa jioni bila kugongwa na bodaboda na bila kutumbukia kwenye mtaro. Katika mitaa mingi ya Mbagala na Tandale njia hiyo haipo. Barabara inapojengwa, sehemu ya waenda kwa miguu ndiyo inayopangwa mwisho na kuvamiwa kwanza, na sisi wenyewe tunaivamia kwa meza za biashara na pikipiki. Madiwani mnaonisikiliza, mkiijadili bajeti ya barabara, watajeni wagonjwa hawa kwa sauti. Viwanja vya shule za msingi vinakaa vitupu kila jioni. Vifunguliwe kwa muda wa saa mbili tu kwa wazee na wagonjwa wazunguke mle.

Wewe unayeuguza mtu nyumbani, muulize daktari siku ya kliniki maswali haya: uzito wa mgonjwa wangu unaofaa ni kilo ngapi akiwa hana maji mwilini, atembee kiasi gani, na ukipanda au kushuka nimpigie nani. Yaandike nyuma ya kadi. Na wewe mwenye ugonjwa, ambaye suruali imeanza kukulegea bila kukusudia au viatu vimeanza kukubana ghafla, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kesho asubuhi.